Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya anga: Tangazo la simu lisemwe kwa Kiswahili

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (AAC), Kinshasa; kwa Mheshimiwa Kamanda wa uwanja wa ndege wa Bunia, wa shirika la viwanja vya ndege (RVA); na kwa Wakurugenzi wa kampuni zote ambazo ndege zao hutua Bunia.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa ajili ya jambo ambalo yumkini litaonekana dogo mbele ya misiba iliyoiandama Ituri kwa miaka mingi, nalo ni habari ya simu, redio ndogo, kompyuta na vyombo vinginevyo vya umeme ambavyo abiria huamriwa avizime ndege inapojiandaa kuruka na inapojiandaa kutua, na ambavyo aghalabu havizimi. Siwaandikii ili niwashtaki abiria wenzangu, wala siwaandikii ili niipinge amri. Nawaandikia kwa sababu amri hiyo, jinsi inavyotolewa katika ndege zinazotuchukua kutoka Bunia, haimfikii yule inayemhusu, na taksiri ya kutokumfikia ni yenu ninyi wenye dhamana kabla ya kuwa yake yeye. Ombi langu ni kwamba isemwe kwa Kiswahili, na isemwe pamoja na sababu zake za kweli.

Sisi watu wa Bunia hatupandi ndege kwa anasa. Barabara ya Komanda inayoelekea Beni, na ile inayopita Djugu kwenda Mahagi, zimekuwa njia ambazo msafiri huziingia akiwa amekwisha kuwaaga watu wake kana kwamba hatarudi, na utawala wa kijeshi uliotangazwa Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi Mei 2021 haujamwondolea hofu hiyo. Uwanja wa Goma nao ulifungwa mji ule ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, hata waliokuwa wakipitia huko imewabidi watafute njia nyingine. Kwa hiyo wanaopanga mstari mbele ya mizani ya mizigo pale uwanjani petu si wafanyabiashara na maofisa peke yao: yumo mgonjwa anayepelekwa Kinshasa kupasuliwa, yumo mwanafunzi anayekwenda Kisangani, yumo bibi aliyetoka kijijini ambaye maisha yake yote hajapata kupanda chombo kirefu kuliko lori. Hao ndio wanaosomewa, kwa Kifaransa cha haraka kinachopita kama maji ya mfereji, amri ya kuzima simu.

Na amri yenyewe ina asili yake, ambayo ingefaa mtu aambiwe. Haikuanza kwa simu. Ilianza kwa redio. Miaka ya mwisho ya 1950, redio ndogo za mkononi zilipoanza kuenea Marekani, iligunduliwa kwamba redio ya FM, ambayo kazi yake ni kusikiliza tu, nayo hutoa mawimbi yake kwa siri. Mtu akiifungua kwenye megahezi 100, ndani ya mashine huzaliwa mawimbi mengine ya megahezi 110.7, kwa kuwa mafundi waliiunda ipandishe hesabu kwa 10.7 ndipo iweze kuikamata sauti. Na vile vituo vya chini viitwavyo VOR, vinavyomwonyesha rubani njia yake, husema na ndege kati ya megahezi 108 na 118. Basi abiria mmoja akisikiliza muziki kitini pake aliweza, pasipo kukusudia, kuitia shaka mishale iliyomwongoza rubani. Kanuni ya kwanza ya Marekani juu ya vyombo vya abiria ikaandikwa mwaka 1961, wakati ambapo simu ya mkononi haijawahi kuonwa na mtu yeyote sokoni.

Simu ilipokuja ilileta udhia wa namna yake. Kila mwenye kibanda hapa Bunia aliyepata kuiweka simu kando ya redio anaujua ule mkoromo, trr-trr-trr, unaotangulia kabla simu haijalia. Huo hutokea kwa sababu simu za mtindo wa GSM hazisemi mfululizo bali hupiga mipigo 217 kila sekunde, na mipigo hiyo huingia katika waya za kipaza sauti kilicho karibu. Rubani naye amevaa vipokea sauti masikioni, akizungumza na mnara wa kuongozea ndege katika masafa yaliyo kati ya megahezi 118 na 137, na mkoromo ule ule humfikia yeye pia. Isitoshe, simu iliyo mbali na mnara wa mtandao wake huongeza nguvu ili isikike, mpaka ifike wati 2. Nayo simu iliyoachwa wazi juu ya misitu ya Ituri, ambako minara ni haba, hupiga kelele kwa nguvu zake zote ikitafuta mtandao usiopatikana. Fikirini sasa mvua imefunga vilima, mnara wa uwanja unataja mwelekeo wa upepo na namba ya kimo, rubani aliyezaliwa mbali na hapa anasikiliza lugha isiyo yake, na katikati ya namba hizo panaingia trr-trr-trr kutoka mfukoni mwa mtu wa safu ya pili. Namba moja ikipotea itabidi iulizwe tena, na huko kuulizana tena hula sekunde ambazo wakati ule ni ghali kuliko mali zote zilizomo ndegeni.

Sisemi kwamba simu moja huangusha ndege. Maneno hayo ya kutishia watoto ndiyo yaliyoiharibu amri hii, kwa maana abiria aliyesahau kuzima simu yake mara ya kwanza, akafika salama, huamini mara ya pili kwamba alidanganywa. Ndege ya Saab ilipoanguka karibu na Zurich tarehe 10 Januari 2000, watu wengi walizitaja simu za abiria, na wapelelezi wa Uswisi walilichungua jambo hilo kama walivyolichungua kila jambo, lakini hawakuzitaja simu kuwa sababu ya ajali. Kwa upande wa pili, mwaka 2014 wakuu wa anga wa Marekani waliamuru vioo vya saa za rubani vibadilishwe katika ndege zaidi ya 1,300 za Boeing za aina ya 737 na 777, baada ya kuonekana katika majaribio kwamba huweza kucheza au kuzimika vikikaribiwa na mawimbi ya aina ya yale ya intaneti ya hewani. Hatari ipo, ila ni ya aina ile ambayo peke yake haifanyi kitu, na ikikutana na wenzake, mvua, uchovu, chombo kikuukuu, huwasaidia. Mtu mzima wa Bunia, ambaye amekwisha kupima hatari za kila namna katika maisha yake, anaweza kuambiwa hivyo na akaelewa.

Hapa nafikia jambo linalonikera zaidi. Tarehe 31 Oktoba 2013 Marekani ilitangaza kwamba abiria wanaweza kutumia vyombo vyao tangu ndege inapoondoka mpaka inapofika, na Ulaya ikafuata mwezi Desemba mwaka ule ule. Habari hiyo ilifika huku ikiwa imekatwa miguu: iliyofika ni ile ya kwamba Wazungu wameruhusu, ikaachwa nyuma ile ya kwamba kila kampuni ilitakiwa kwanza kuthibitisha, kwa aina moja moja ya ndege zake, kwamba vyombo vyake vya rubani vinastahimili mawimbi ya abiria; kwamba simu ilipaswa kubaki katika hali ya kutosema na minara, kwa kile kitufe chenye alama ya ndege; na kwamba rubani anayetua katika ukungu mzito aliachiwa haki ya kuamuru vyote vizimwe. Ruhusa ile ilikuwa ya ndege zilizopimwa. Hapa kwetu mashariki mwa Kongo zinaruka Antonov za enzi za Kisovyeti na Let zilizotoka Chekoslovakia, ambazo muundo wake ulichorwa kabla simu za mkononi hazijaenea, zikapita mikono ya wenyewe wengi, na waya zake zimefungwa na kufunguliwa na mafundi wa nchi mbalimbali. Tangu mwaka 2006 kampuni zetu zimezuiwa kuingia katika anga la Ulaya, na zuio hilo halikuwekwa kwa sababu ya simu. Lakini abiria anayejua hivyo atashangaa akiona desturi za ndege za Paris zinafuatwa katika ndege ya Bunia kana kwamba zote zimepimwa kwa kipimo kimoja. Je, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, ni zipi katika ndege zinazotua hapa zilizopimwa, na ni zipi ambazo hazijapimwa? Sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 imeweka usimamizi wa anga ya kiraia chini ya serikali, na mamlaka yenu ndiyo mkono wake. Ninyi ndio mnaoweza kujibu, na jibu lenu likishajulikana, kila kampuni itajua imwambie nini abiria wake.

Dakika chache za kuruka na za kutua zina haki yake, hata tukiyaweka mawimbi kando. Ajali zetu zinazokumbukwa zimetokea humo: ndege ya Hewa Bora iliyoshindwa kuruka Goma tarehe 15 Aprili 2008 ikaingia mtaani, ndege ya Umoja wa Mataifa iliyopigwa na dhoruba ikitua N'djili, Kinshasa, tarehe 4 Aprili 2011, ambamo katika watu 33 alisalimika mmoja, ile ya Kisangani ya tarehe 8 Julai mwaka ule ule, iliyotua katika mvua kubwa, na ile Dornier iliyoanguka juu ya nyumba za watu Goma tarehe 24 Novemba 2019, mara tu baada ya kuruka. Hakuna hata moja katika hizo iliyohukumiwa kuwa kosa la simu. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha ni lini mtu anatakiwa awe na masikio yake. Mwenye vipokea sauti masikioni hasikii neno la kwanza la mhudumu, na kompyuta iliyoachwa wazi juu ya magoti, ndege ikifunga breki kwa nguvu, huruka na kumpiga wa mbele au hufunga njia. Ndege ya Japani iliyogongana na nyingine uwanjani Haneda tarehe 2 Januari 2024 ilikuwa na watu 379 ndani yake, ikaungua yote, na wote 379 walitoka hai. Iliwasaidia wengi wao kusikia walichoambiwa, kwa lugha waliyoielewa, na wengi wakaacha mizigo yao nyuma.

Lugha waliyoielewa: hapo ndipo penye shida yetu. Niliketi safari moja karibu na mama wa makamo aliyekuwa akielekea Kinshasa, simu yake ya vibonyezo ameifunga ndani ya pindo la kitenge pamoja na pesa. Tangazo likasomwa kwa Kifaransa, kisha kwa Lingala kidogo. Akanigeuzia uso akauliza, “Baba, wanasema nini?” Nikamwambia wanasema tuzime telefone. Akakishika kitenge mahali ilipo simu, akasema hawezi kuizima, mtoto wake anangoja kule, na asipompata kwa simu atadhani ndege imeanguka. Nikamweleza habari ya masikio ya rubani kama nilivyoieleza hapa, kwa maneno machache zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitoa simu, akaniomba nimwonyeshe kitufe cha kuzimia, kwa kuwa tangu anunuliwe simu ile haikuwahi kuzimwa ila na betri yenyewe kwisha. Hakuwa mkaidi yule mama. Alikuwa hajaambiwa. Mhudumu alipita mara mbili kando yetu akiangalia mikanda, na simu iliyofungwa kitengeni hakuiona wala hakuiuliza.

Kinyume chake nimekiona katika ndege ndogo zinazokwenda Nyankunde na Boga, ambazo abiria wake hawazidi dazeni na rubani huketi mbele yao bila ukuta. Rubani mmoja, mgeni wa nchi hii, aligeuka kitini kabla ya kuwasha injini, akasema kwa Kiswahili chenye matamshi ya kwao kwamba kule tunakokwenda uwanja ni wa majani, hakuna mashine ya kumwongoza, ana macho yake na redio yake tu, na kwa hiyo anatuomba simu zilale. Simu zote zilizimwa, hata ya kijana aliyekuwa akijipiga picha dirishani. Aliyoyasema yule mgeni yanaweza kusemwa na wenyeji katika ndege kubwa.

Kuna jambo lingine ambalo mhudumu hawezi kuliandikia barua, nami naliandika kwa niaba yake. Katika viti vya mbele huketi wakubwa: maofisa, waheshimiwa wa majimbo, wenye mali. Hao huendelea kusema na simu ndege ikiwa imekwisha kushika njia yake, kwa sauti inayofika nyuma, na msichana mwenye sare, ambaye kazi yake inaweza kupotea kwa neno moja la mkubwa, hupita kimya na kuja kutugombeza sisi wa safu ya kumi. Baada ya kuliona hilo, nani atamlaumu abiria wa safu ya kumi akiifungua simu yake chini ya koti? Mawimbi hayatambui nyota za mabegani. Nawasihi, Waheshimiwa, muandike waraka unaompa mhudumu wa ndege haki ya kumwambia mtu yeyote, na unaomkinga asidhurike kwa kusema. Na waraka huo ubandikwe mlangoni mwa ndege, mahali mkubwa atakapouona akipanda.

Juu ya pawabenki nitasema kwa ufupi, kwa kuwa karibu kila msafiri wa Bunia anayo, na wenye taa za kukatika kila mara hatuwezi kuishi bila hiyo. Kanuni za dunia zinataka ibebwe mkononi, isitiwe katika mizigo ya chini, kwa sababu ikishika moto chini hakuna wa kuizima. Korea Kusini, baada ya ndege moja kuungua uwanjani Gimhae tarehe 28 Januari 2025, ilikataza kuiweka hata katika makabati ya juu ya vichwa vya abiria. Iwe mahali inapoonekana. Pale kwetu nimeona ikitolewa mkononi mwa msafiri na kutupwa katika gunia la mizigo, na aliyeitupa akiamini kwamba ameondoa hatari.

Waheshimiwa, mkisema kwamba lugha ya anga ni Kiingereza na lugha ya serikali ni Kifaransa, ni kweli, kati ya rubani na mnara na kati ya ofisi na ofisi. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya kwanza kabisa, imekitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Lingala na Kiluba cha Kasai kuwa lugha za taifa, na ikaitwika serikali wajibu wa kuziendeleza bila ubaguzi. Radio Okapi imetangaza habari kwa lugha hizo tangu mwaka 2002, na kuongeza lugha hakuhitaji mashine mpya. Kunahitaji mtu wa kusoma. Kadi za usalama zilizomo mifukoni mwa viti, zenye Kifaransa na Kiingereza na mara nyingine Kirusi, zinaweza kuchapwa kwa Kiswahili hapa hapa mjini. Na kwa kuwa wengi hawazimi simu kwa sababu ya wanaowangoja, RVA iweke kipaza sauti upande ule wa nje wa uzio, wanakosimama ndugu na motari, kitangaze kwamba ndege fulani imeruka salama au imetua. Akijua mtoto kwamba atatangaziwa, mama hatakuwa na haja ya kupiga simu magurudumu yakiwa bado yanakimbia.

Ili nisionekane nimeomba bila kutoa, nimeandika tangazo lenyewe:

“Baba na mama, ndugu abiria, karibuni. Sasa ndege inajiandaa kuruka. Tunakuomba uzime telefone yako, au ubonyeze alama ya ndege kama telefone yako inayo. Asiyejua afanyeje atuonyeshe, tutamsaidia. Sababu ni mbili. Telefone inayotafuta mtandao inaweza kukoroma masikioni mwa rubani anaposema na mnara. Tena tunataka masikio yenu yawe wazi, pakitokea jambo la kutoka haraka. Toa vipokea sauti masikioni. Kompyuta iwe chini ya kiti cha mbele yako. Pawabenki ikae karibu nawe. Ikipata moto au ikivimba, tuite mara moja. Ombi hili ni la watu wote, mdogo na mkubwa. Tukisha kusimama tutawaambia muwashe telefone, na wanaowangoja nje watatangaziwa kwamba tumefika.”

Maneno haya hayamalizi dakika moja kusomwa. Yakiwa na kosa la ufundi, mafundi wenu wayasahihishe. Na Kiswahili chake kikiwa kizito kwa mtu wa Aru au wa Mambasa, walimu wa Bunia wapo, waitwe wakilainishe. Naomba yaanze kusomwa katika ndege za Bunia kabla ya mvua kubwa zijazo, na naomba jibu lenu, liwe la kukubali au la kukataa, lisomwe redioni kwa Kiswahili.

Wenu kwa heshima,

Msafiri, mkazi wa Bunia